Figo ndizo zilizokufa, mifupa ndiyo iliyouma

Mgonjwa wa figo watu humtazama miguu, kama imevimba. Mimi kilichoninyima usingizi ni muwasho na nyonga. Kusafisha damu kwa mashine mara tatu kwa wiki nilishakuzoea, fistula ya mkono wa kushoto, yaani mishipa iliyounganishwa ili kuchomekwa sindano za mashine, inafanya kazi vizuri. Mara nikawa najikuna mgongo kwa kitana usiku kucha, kipele hata kimoja hakuna, na nikikaa mkekani kuchagua mchele siinuki mpaka nishike bega la mtu.

Majibu ya damu yakasema fosfeti, yaani madini ya fosforasi yanayotoka kwenye chakula, ni milimoli 2.6 kwa lita. Mtu mzima mwenye figo nzima huwa haivuki kama 1.5. Homoni ya parathiroidi ndiyo ilikuwa imepaa kabisa. Daktari akageuza karatasi akanichorea. Figo zikishindwa, fosfeti haitoki kwa mkojo. Vitamini D nayo haikamilishwi ili ifanye kazi, kwa hiyo kalsiamu ya chakula hainyonywi ipasavyo. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna vitezi vinne vidogo. Vikiona kalsiamu imepungua vinamwaga hiyo homoni ya parathiroidi, nayo inakwenda kuchota kalsiamu mifupani.

"Sasa mashine si inasafisha?" nikamuuliza.

"Inasafisha, mama, lakini fosfeti nyingi imejificha ndani ya seli na mifupa. Masaa manne hayaimalizi. Lazima tuipunguze sahanini."

Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mtaani kwetu mtu akisema mifupa inauma anapewa supu ya makongoro na maziwa. Dada yangu alikuja na dumu zima la mtindi. Nilimshukuru, wajukuu wakanywa. Kumweleza kwamba maziwa yana kalsiamu kweli lakini yamejaa fosfeti pia ilichukua jioni nzima, na sidhani kama alinielewa.

Mtaalamu wa lishe hakunipa orodha ya makatazo, na kwa hilo namwombea heri. Alisema protini naihitaji, mashine inanipunguzia, nisije nikajikondesha kwa hofu. Samaki kipande, sawa. Dagaa wanaoliwa na mifupa na vichwa vyao, kwa nadra. Yai nile ute, kiini nimpe mtoto. Maharage nilidhani ndiyo adui mkubwa, kumbe fosfeti yake imefungwa kwa namna ambayo tumbo la binadamu haliifungui yote; bakuli dogo linapita. Ile inayowekwa kiwandani ndiyo inayoingia damuni karibu yote: soseji, jibini za kupaka, soda nyeusi. Sasa dukani nasoma nyuma ya pakiti kwa miwani, natafuta E338 hadi E341, na E450 hadi E452. Muuza duka ananiita mkaguzi.

Kilichonishangaza ni baking poda. Nyingi zina fosfeti, nami mandazi ya asubuhi ndiyo chai yangu. Nimerudi kwenye hamira: naukanda unga usiku, naufunika kwa kanga, alfajiri umeumuka. Na ni matamu kuliko yale ya poda, msinibishie.

Kuhusu dawa. Bahasha ya kalsiamu kabonati iliandikwa "1x3", basi. Sista mmoja wa zamu ya asubuhi akaichukua, akaongeza kwa kalamu nyekundu: NA TONGE LA KWANZA. Akanifafanulia kwamba kidonge hiki kinaikamata fosfeti tumboni wakati chakula kimo humo, vinatoka pamoja chooni. Ukimeza tumbo tupu hakina cha kukamata, kalsiamu inaingia damuni tu, na ikizidi inaweza kuganda kwenye mishipa. Kwa hiyo natafuna kidonge nikiwa nimeshika tonge. Siku nikila kitafunwa tu cha machungwa mawili, simezi. Harusini vidonge viko kwenye pochi, pilau ikifika navitoa hadharani bila aibu.

Baadaye daktari alinipunguzia kalsiamu, akaniongezea sevelama, ambayo haina kalsiamu ndani yake. Ni ghali na vidonge vyake ni vikubwa, lakini inafanya kazi ileile. Alfakalsidoli, ile vitamini D isiyohitaji tena figo kuikamilisha, alikataa kunianzishia fosfeti ikiwa juu, kwa sababu inaongeza kunyonywa kwa kalsiamu na fosfeti pia.

Wenzangu wa vitanda vya jirani wanataka niwaandikie ratiba yangu ya chakula. Siandiki. Mmoja wao fosfeti yake iko chini na amedhoofu. Akila kama mimi atazidi kuanguka. Mwingine anasumbuliwa na potasiamu. Kila mtu na majibu yake.

Yangu ya mwisho ni 1.7. Muwasho umepungua kwanza, nyonga zinafuata taratibu. Homoni bado iko juu, ila alfakalsidoli nimeshaanzishiwa kwa dozi ndogo na kalsiamu inapimwa kila mwezi. Isiposhuka, daktari amesema tutazungumza habari ya kuvitoa kwa upasuaji vile vitezi vya shingoni.