Foleni ya Kaa Chini ya Mrehani

Katika Surat Hud, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba hakuna kiumbe kitembeacho juu ya ardhi ila riziki yake iko Kwake, na kwamba Yeye anayajua makao yake na mapitio yake. Aya hii tunaisoma sana tunapozungumzia riziki, na kwa kawaida tunaishia hapo. Sehemu ya makao tunaipita haraka, pengine kwa kudhani kwamba mwenye shida ya nyumba ni binadamu peke yake.

Bustani yetu iko kando ya hori, upande wa magharibi wa Pemba, mahali ambapo mikoko inaishia na minazi inaanza. Tumepanda mrehani, mchaichai, nanaa na kivumbasi, na pembeni umejiotea mkadi ambao watu huufuata kila penye harusi, ili maua yake na mrehani wetu vitiwe katika vikuba, yaani vishada vya maua ya kunukia. Taabu ya mahali hapa ni chumvi, kwani maji ya bamvu, yale ya bahari ijaapo sana, hujaa mpaka karibu na matuta, na kwa sababu hiyo tumeyainua na tunamwagilia maji ya kisima.

Asubuhi moja wiki hii, maji yalipokwisha kupwa, nilikuwa nikipalilia nilipowaona wale kaa wanaoishi ndani ya maganda ya konokono wamejipanga mstari mmoja chini ya mrehani, mkubwa mbele na mdogo nyuma, kila mmoja amemng'ang'ania mwenziwe, kama watu wanaosubiri mkate wa ajemi alasiri ya Ramadhani. Mbele yao palikuwa na ganda tupu, kubwa na zuri. Wa kwanza alilikagua, akaligeuza, akaingiza gando ndani kana kwamba anapima chumba, kisha akajichomoa katika ganda lake la zamani na kuingia katika jipya kwa kasi ya ajabu. Wa pili akahamia katika ganda la wa kwanza, wa tatu katika la wa pili, na hivyo hivyo mpaka mwisho wa foleni, ambako mdogo wao alikuwa amevaa kifuniko cha chupa ya maji. Naye akapata nyumba, na kifuniko kikabaki juu ya tuta. Bibi jirani yetu, aliyekuja kuomba mchaichai, alitazama yote hayo akasema, "Mwanangu, hao wanarithishana majumba wala hawajafika kwa kadhi." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Wachunguzi wa viumbe vya pwani wanaujua utaratibu huu. Kaa huyu hakuumbiwa gamba gumu nyuma. Tumbo lake ni laini, na likikauka hufa. Yeye anakua, ganda halikui, na kwa hiyo ganda moja tupu huwafaa wengi, maana kila anayehama humwachia aliye mdogo kuliko yeye.

Yupo atakayeuliza kicheko kinatafuta nini katika tafakari, ilhali tumefundishwa kwamba wingi wa kicheko huua moyo. Kinachokatazwa hapo ni wingi, na katika mkusanyo wa hadithi wa Tirmidhi imepokewa kutoka kwa Abdullah bin al-Harith kwamba hakumwona mtu mwenye kutabasamu zaidi ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Dalili ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya Surat An-Naml. Nabii Sulaiman alikuwa akipita na majeshi yake ya majini, watu na ndege, na chungu mmoja akawaamuru wenzake waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na majeshi hayo pasipo wao kutambua. Mfalme wa ukubwa ule alisimamishwa na maneno ya mdudu akatabasamu na kucheka. Tena tazama adabu ya chungu mwenyewe, ambaye katikati ya hofu alimtolea Nabii udhuru kabla hajamkosea.

Kicheko hicho hakikuwa dhihaka, ambayo Surat Al-Hujurat, aya ya 11, inatuonya tusifanyiane, kwa kuwa huenda anayechekwa akawa bora kuliko anayecheka. Kusema kweli, yule mdogo wa kifuniko angekuwa binadamu, mtaa mzima ungemcheka kwa namna nyingine kabisa. Sulaiman hakumgeuza chungu kuwa kichekesho cha barazani; papo hapo aligeukia kuomba, akimtaka Mola wake amwezeshe kuzishukuru neema alizomneemesha yeye na wazazi wake, atende mema yanayomridhisha, na aingizwe kwa rehema katika waja wema. Wazazi wametajwa katika dua iliyozaliwa na kicheko, jambo ambalo mimi, ninayelima matuta niliyoachiwa na mama yangu, sikuwahi kulizingatia kabla ya wiki hii. Atakayependa kuihifadhi dua hiyo ataikuta katika aya ya 19 ya Surat An-Naml.