Siku yangu na "pumbavu" mezani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kondele, Kisumu. Matatu haijajaa na tayari makanga anamfokea mtu wa boda aliyetuzibia njia: "Pumbavu zako, toa hiyo kitu!" Abiria wakacheka. Mimi nikatoa daftari.

Nahariri kamusi ndogo ya shule, na wiki hii tumo kwenye P.

Saa mbili, ofisini. Kidahizo -pumbavu, yaani neno linaloorodheshwa kamusini, hakina matata: ni kivumishi. Mtu mpumbavu, watu wapumbavu, kauli pumbavu. Kinachonisumbua ni tusi lenyewe. Anayetukana hasemi "Mpumbavu!" ingawa anamlenga mtu, kiambishi anakitupa. Mwenzangu alikuwa ameliweka kwenye vihisishi, pamoja na lo na ala, nami nikaridhika. Lakini kihisishi hakimilikiwi. Nani amewahi kusema "lo zako"? Hiyo zako ya makanga inadai nomino, ngeli ya I-ZI, kama ghasia zako.

Saa nne nikampelekea mhariri mkuu. Alinifundisha sekondari, kwa hiyo hadi leo namwita Mwalimu.

"Weka kihisishi, na mfano usiweke. Hii ni ya watoto."

"Mwalimu, hata wa kamusi ya Kiingereza ya Oxford waliacha nje maneno yao mawili mazito. Kamusi ikakamilika 1928 bila hayo, wakaja kuyaingiza kwenye nyongeza ya 1972."

"Basi na sisi tutangoja miaka arobaini na minne."

Saa saba, soko la Jubilee. Nilimuuliza mama wa samaki kama "wewe mjinga" na "mjinga wewe" ni kitu kimoja.

"Ya kwanza unaniambia tu. Ya pili umenitusi. Sasa kastoma, unachukua ngege ama ulikuja kunitusi?"

Nikachukua mbili. Kwa sarufi ile, alistahili.

Saa tisa stima ikapotea, ikarudi saa kumi. Nyoko nililolipanga vizuri tulipokuwa kwenye N, nomino iliyomeza kimilikishi kama mamako, Mwalimu alilikata bila kuinua kichwa.

Pumbavu tuliafikiana saa kumi na moja: kidahizo cha pili, nomino, I-ZI, "tusi; pia hutamkwa peke yake kama kihisishi." Mfano hakuna.

Nikirudi Kondele, makanga mwingine akawapigia kelele wenzake: "Shenzi zenu!" Nikaandika. S tutaifikia mwezi ujao.