Ukishashiba kwenye The Long Dark, hama

Wadau wa The Long Dark, lile gemu la kuhangaika kubaki hai porini kwenye baridi, hili nalisema kwa moyo wote, hamu ya kucheza haifi kwa sababu gemu ni gumu, inakufa siku ukishakuwa na kila kitu. Mwanzoni huulizi hamu iko wapi, umetupwa kwenye theluji ya Kanada huna koti la maana, upepo unageuka, mbwamwitu kashakunusa, unakimbilia kibanda cha kwanza unachokiona na ukikuta kopo moja la maharage unafurahi kweli kweli. Masaa yakienda sasa, eneo la Mystery Lake unalitembea hata gizani, nyama imejaa nje kwenye barafu, kuni tele, af kazi inabaki kula, kulala, kuvua samaki, kulala tena. Hapo ndo watu wanalifuta wanasema limeisha.

Halijaisha. Hata Hinterland wenyewe, jamaa wa Kanada waliolitoa kwa majaribio 2014 na kamili 2017, hawakutaka ukae, ndo maana ukijifungia sana unapata ule ugonjwa wa kukaa ndani na hulali tena chini ya paa mpaka upone. Mkulima wa Tandahimba akishauza korosho hakai kuangalia ghala, msimu ukifika anarudi kufyeka na kupulizia salfa. Sasa wewe ghala limejaa unasubiri nini?

Mdogo wangu huwa anakaa pembeni ananiuliza, kaka, hili gemu la kutembea tu unalicheza mpaka lini? Nikamwonyesha ramani ninayochora kwa mkaa, maana ramani haiji yenyewe, unabeba vipande vya mkaa kutoka kwenye moto uliozimika unapanda juu unachora kinachoonekana. Toka siku hiyo yeye ndo ananiambia pale bado hujapita.

Kwa hiyo mimi najipa safari. Kupanda Timberwolf Mountain mpaka kileleni kwenye makontena ya ndege iliyoanguka, hiyo peke yake inakula jioni nyingi, kwa sababu kamba haipandiki ukiwa na mzigo mzito na unabaki unapima, niache nyama au niache kuni? Hilo swali ndo gemu lenyewe. Na kama umezoea modi nyepesi nenda Interloper, modi ngumu, bunduki hakuna kabisa, kisu na shoka unafua mwenyewe kwenye tanuri, baridi inazidi kadri siku zinavyoenda, na ukifa sevu inafutika. Inauma, ila kila hatua unaifikiria.

Kingine, cheza polepole na hedifoni. Mimi niko Shangani hapa Mtwara, theluji sijawahi kuishika, baridi kali ninayoijua ni ya Newala mwezi wa saba, lakini ile theluji inavyolia chini ya buti usiku af mwanga wa kijani unatokea angani na kompyuta zilizokufa zinawaka zenyewe, nasimama tu naangalia. Huo muda siuiti wa kupoteza hata kidogo.

Sasa hivi naacha kila kitu ziwani, naenda eneo la Ash Canyon kupitia Timberwolf, kule kwenye mgodi wa dhahabu kuna begi linalokuongezea kilo 5 za kubeba. Nachukua upinde, mishale, chakula cha njiani na mkaa wa kuchorea, basi. Kama kuna aliyefika kwa Interloper aniambie yale madaraja ya kamba aliyavukaje upepo ukiwa mkali.