Mafua Hayamlazi Mtu

Barua pepe ya mnunuzi wetu wa Hamburg iliingia Jumatatu asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nimefungua dirisha la ofisi, na ilikuwa ya upole kama barua zake zote za miaka miwili hii. Alishukuru kwa sampuli, akauliza kiwango cha unyevu katika pilipili manga ya mavuno mapya, kisha mwishoni akaandika kwamba anasikitika hatukuonana ana kwa ana siku ya Alhamisi, ila anatumaini nilifurahia matembezi yangu katika mji mkongwe wa Nürnberg, kule Ujerumani tulikokwenda kwa maonyesho ya biashara. Niliisoma sentensi hiyo ya mwisho mara tatu. Alhamisi ile ya tarehe 13 Februari, saa nne asubuhi, nilikuwa nimelala chini ya mablanketi mawili na koti langu juu yake, meno yakigongana, nikihesabu mistari ya pazia ili nisilie. Katika mji huo mkongwe sikutia mguu. Ngome yake niliiona kwenye picha iliyotundikwa mapokezi ya hoteli, basi.

Nilikwenda barazani, ambako Bwana Mizani, mwenzangu katika biashara hii ya viungo, alikuwa akipima magunia ya iliki yaliyoshuka kutoka Amani. Mnamjua vya kutosha, nimekwisha kumweleza hapa mara nyingi, kwa hiyo mtaweza kuisikia sauti yake mwenyewe, ile ya taratibu isiyopanda wala kushuka.

"Kaka, uliwaambia wageni kwamba nimekwenda kutembea mjini?"

"Ndiyo, dada. Ningewaambia nini?"

"Kwamba naumwa."

"Homa, tena homa ya mtu anayetoka Tanzania, mwezi ule? Wangeondoka mezani kabla sijamaliza neno."

"Basi ungesema ni mafua."

"Mafua hayamlazi mtu, dada."

Akainama, akasogeza jiwe la mizani, mazungumzo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo, wiki nzima, wifi yangu amejifungua mapacha, mkaguzi wa kilimo hai amekuja na kuondoka, kontena letu limetoka bandari ya Tanga, na mimi nimekuwa nikiyafanya yote yanayonipasa huku kichwani nikiirudia ile baraza, ile iliki, na yale maneno matatu. Nikiwa jikoni nayasikia. Nikiwa kwenye sala, Mungu anisamehe, nayasikia.

Ugonjwa wenyewe ulianza Jumanne usiku, siku ya kwanza ya Biofach, yale maonyesho ya bidhaa za kilimo hai, baada ya saa tisa za kusimama kwenye banda letu tukitabasamu na kufungua vifuniko vya chupa za sampuli. Nilidhani ni baridi tu. Nje kulikuwa chini ya sifuri, theluji imegandamana pembezoni mwa njia, mabango ya uchaguzi wao yakitikisika juu ya nguzo, na sisi tulikuwa tukitoka katika kumbi zenye joto hadi kituo cha treni tukiwa na jasho mgongoni. Usiku wa manane viungo vyote vikaanza kuuma kwa namna ninayoifahamu tangu utotoni, na mtu aliyekulia Muheza akiumwa hivyo huwa na wazo moja tu. Nilihesabu siku. Mwishoni mwa Januari nilikuwa Amani kwa wakulima, na nilipokuwa njiani kurudi nililala usiku mbili Muheza bila chandarua. Zilikuwa zimetimia siku kumi na mbili. Malaria kali ikimpata mtu leo haimlazi leo. Kwa kawaida huchukua siku saba au zaidi kabla ya homa kuanza, na msafiri anaweza kupoteza maisha Ulaya kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.

Ndiyo maana Jumatano jioni, homa ilipozidi, nilimwomba kijana wa mapokezi anisaidie, naye akapiga 116117, namba wanayoipiga Wajerumani wanapohitaji daktari wa zamu wakati zahanati zimefungwa. Bwana Mizani ndiye aliyenishika mkono hadi kwenye teksi, akakaa nami kwenye benchi kwa saa mbili, mkoba wangu mapajani mwake.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri kama wangu, mwenye macho ya mtu aliyekesha. Hakusimama mlangoni, alivuta kiti akakaa karibu nami. Aliuliza nimetoka nchi gani, nikamjibu. Aliuliza nimetoka lini, nimelala wapi, nimeumwa na mbu, kisha akatulia kidogo akauliza kama nimefika Kagera. Nikajua anazo habari. Tarehe 20 Januari Rais alikuwa ametangaza kwamba virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola, vimethibitishwa Biharamulo, mkoani Kagera, na dunia nzima ilisikia. Nilimweleza kwamba Kagera iko upande wa pili wa nchi, kwamba sijafika huko wala kuonana na mtu aliyetoka huko, lakini malaria naiogopa, na nikamwambia habari za Muheza na chandarua bila kuficha. Akaitikia kwa kichwa, akavaa barakoa na glovu, akanitoa damu yeye mwenyewe. (Jina lenyewe la Marburg ni la mji wa Ujerumani. Mwaka 1967 waliougua kwanza huko na Frankfurt walikuwa wafanyakazi wa maabara, waliougua kutokana na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Nililikumbuka hilo nikiwa pale kitandani, na sijui kwa nini lilinipa nguvu.)

Majibu yalitoka kabla ya usiku kuwa mkubwa. Vimelea vya malaria havikuonekana, ila nikaambiwa nirudi kupimwa tena iwapo homa itaendelea, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi. Kilichoonekana ni influenza A, ambayo Februari hiyo ilikuwa imewalaza Wajerumani kwa wingi. Kwa kuwa saa 48 zilikuwa hazijapita tangu homa ianze, akaniandikia dawa ya virusi ambayo ikichelewa huwa na faida ndogo.

Hapa ndipo maumivu yangu yanapokaa, na wiki nzima nimekuwa nikijaribu kupaeleza kwa haki. Bwana Mizani alijua. Alikuwa nami, aliyasikia majibu, alijua kwamba si malaria, wala si jambo lolote la Kagera. Alhamisi asubuhi alikuwa na ukweli wote mkononi, akaenda mezani akauacha. Na mbele ya mtu ambaye nimeandikiana naye miaka miwili, aliyepanga siku hiyo nimweleze jinsi tutakavyowagawa wakulima wetu katika makundi chini ya sheria mpya ya Ulaya ya kilimo hai isiyoruhusu kundi kuzidi watu 2,000, mimi nikawa mwanamke aliyelipiwa tiketi kwa jasho la wakulima wa Amani, kisha akaacha kikao akaenda kutazama makanisa.

Kuhusu neno lenyewe, nakubali ana hoja. Kwetu mafua ni pua kuchuruzika na chafya mbili tatu. Mtu huambiwa akamue ndimu, atie asali, aende shambani. Neno hilohilo moja tumelibebesha kitu kinachowaua wazee na watoto kila mwaka, na likishindwa kukibeba tunamlaumu mgonjwa. Wataalamu wetu huandika influenza, au homa ya mafua, lakini nani kati yetu amewahi kupiga simu kazini akasema ana influenza? Tunasema malaria, hata ambapo hatujapima, kwa sababu malaria inaheshimika. Kule Nürnberg mambo yalikuwa kinyume kabisa: mafua ndiyo yangeheshimika, na malaria ndiyo ingetisha. Bwana Mizani alitafsiri kwa Kiswahili mahali ambapo hakukuwa na mtu wa kukisikia Kiswahili.

Lakini leo Alhamisi, nilipokuwa nikipanga mitungi ya viungo kwa ajili ya Ramadhani, nilichukua kijiti cha mdalasini nikakinusa, na chumba kile cha hoteli kikanirudia chote kwa mpigo. Nilikuwa nimesahau. Usiku ule wa Jumatano, baada ya kunifikisha kitandani, Bwana Mizani alitoka tena kutafuta duka la dawa la zamu. Maduka ya dawa ya Ujerumani huonekana kwa herufi A kubwa nyekundu, na usiku milango yake hufungwa. Unabonyeza kengele, unasubiri, kisha kidirisha kinafunguka na mfamasia anakupokea kwa hapo, na unaongeza euro mbili na nusu kwa kumwamsha. Alisimama nje ya kidirisha hicho na lile koti lake la kuazima lisilofika magotini. Aliporudi vidole vilikuwa havikunji, akashindwa kufungua kiboksi cha dawa, nikakifungua mimi.

Kisha akafungua sanduku la sampuli. Mliosoma niliyoandika mwezi wa Desemba mnakumbuka ile chupa ya mdalasini, vile vijiti vyembamba vilivyojikunja pande zote mbili, ambavyo mimi na akina mama wa Amani tulivichagua kimoja kimoja kwa siku nne kwa ajili ya mnunuzi huyo wa Hamburg na si mwingine. Aliigeuza chupa juu ya birika la umeme, vijiti vikaanguka kwa mlio mkavu, vikawa virefu mno, kifuniko kikagoma kufunga. Akavivunja kwa mikono, akaongeza karafuu kiganja kizima na tangawizi kavu, akakaa chini kwenye zulia akilishikilia swichi la birika kwa kidole kwa sababu lilikuwa likijizima kila kifuniko kinapoinuka. Mvuke ukapanda hadi dirishani, kioo kikaingia ukungu, chumba kikanuka Tanga. Nilikunywa vikombe vitatu. Hakusema chochote kuhusu chupa, na asubuhi aliibeba tupu akaijaza mabaki ya sampuli nyingine, ambayo hayakuwa na ubora ule.

Mtu aliyefanya hivyo ndiye huyohuyo aliyesema nimekwenda kutembea. Nimejaribu kumkata vipande viwili nimeshindwa.

Na nikiwa bado nimeshika kile kijiti nikakumbuka jambo jingine ambalo limenikalisha kwenye kiti cha jikoni hadi chai ikapoa. Alhamisi hiyohiyo jioni mama alipiga simu. Alisema, "Mbona sauti imekauka, mwanangu?" Nami nikamjibu, "Nimetembea sana mjini leo, mama, baridi imeniingia kooni." Maneno yaleyale. Sikujua wakati huo kwamba asubuhi yake mwenzangu alikuwa ameyasema kwa watu wengine. Kila mmoja wetu aliyapata mwenyewe. Mama akasema, "Haya, kunywa kitu cha moto, Mungu akurudishe," na akalala usingizi wake, jambo nililolitaka. Angejua ni homa angekesha, angempigia kaka, angepiga simu hadi mwisho wa salio.

Sisemi kwamba mambo haya mawili yanalingana. Mama hakuniweka kwenye mizani ya biashara, na uongo wangu kwake haukumfanya mtu mwingine aonekane mvivu. Lakini Bwana Mizani alikuwa akiwawazia wakulima, ambao oda hiyo ingewapa fedha kabla ya mwezi mtukufu, kama mimi nilivyokuwa nikimwazia mama, na mwaka 2014, Ebola ilipokuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, aliwahi kunyoosha mkono kwenye maonyesho kama hayo na mkono ukabaki hewani. Alinisimulia zamani, nami nikasema pole nikapita. Jumatatu pale barazani sikulikumbuka hilo hata kidogo.

Ninachoweza kumwambia, na nitamwambia, ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyeelezwa kila kitu, Tanzania, homa, Muheza, chandarua, naye hakuondoka mezani. Alivuta kiti.

Nimemwandikia mnunuzi barua fupi. Nimemwambia kwamba sikutembea, kwamba nilikuwa na influenza, kwamba nilipimwa malaria sikuwa nayo, na kwamba mpango wa makundi ya wakulima nitamweleza kwa simu siku atakayopenda. Nimemwambia pia kwamba mdalasini alioupokea si ule niliomwahidi, na kwamba ule wenyewe nitamtumia mavuno yakiwa tayari. Sijaituma. Kesho nitampa Bwana Mizani aisome kwanza, kwa kuwa neno lilitoka kinywani mwake na haifai alisikie kwa watu wa Hamburg.

Mama, kwa upande wake, bado hajui. Nilipokwenda kumwona jana nilikuta ule mnazi wa nyuma umeinama zaidi, shina lake sasa liko juu kabisa ya paa la jiko, na udongo upande wa mizizi umepasuka kiasi cha kuingiza kiganja. Yule mkata minazi aliahidi kuja Jumamosi tatu zilizopita na hakuja hata moja, simu haipokei, na mama anasema haoni sababu ya kuhamisha mafiga kwa ajili ya mti aliouzoea. Masika iko njiani. Akianza kupika futari atakuwa chini ya mnazi ule kila siku, kuanzia alasiri hadi magharibi.