Siku Moja Kitaluni: Je, Mmea Uhamishwe Chungu?

Saa 12 asubuhi ninafungua kitalu chetu cha maua hapa Dar es Salaam na kutenga kivulini mimea ya kuhamishwa, ambayo ilimwagiliwa jana jioni kwa kuwa udongo wenye unyevu kiasi hutoka chunguni bila kukata mizizi.

Saa 2 ninachanganya udongo mweusi, samadi iliyokwisha kuoza, makumbi ya nazi na mchanga wa mto, kwani ule wa pwani una chumvi.

Saa 4 anafika mama mmoja akiwa na mmea uitwao ZZ pamoja na chungu kikubwa kipya. "Mwanangu, majani yanageuka manjano, nihamishie humu." Ninamwamkia, kisha ninautoa mmea tuutazame sote: mizizi haijafika ukingoni, udongo wa chini umeloa chapachapa na unanuka, na kiazi kimoja kimelainika hata kinabonyea kidoleni. Mmea huu, ambao asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, huhifadhi maji katika viazi vyake, hivyo kinachouumiza ni kumwagiliwa mno, na chungu kikubwa kingezidisha udongo mbichi usio na mizizi ya kuyanywa maji hayo. Ninakikata kiazi kilichooza na kuurudisha mmea katika chungu kilekile kwa udongo mpya. Muuzaji anayekubali kila ombi la chungu kikubwa humdhulumu mteja wake.

Mchana jua ni kali; hatuhamishi kitu.

Saa 10 alasiri ni zamu ya sansivieria (mmea wa majani marefu yaliyosimama wima) ambayo kweli imebanwa: chungu cha plastiki kimevimba ubavuni, na maji yakimwagwa hupita moja kwa moja hadi chini. Ninakipasua kwa kisu, ninailegeza mizizi iliyojizungusha, kisha ninachagua chungu kilichozidi upana kwa sentimita 4 tu. Kokoto za chini, ambazo wengi huzipenda, siweki, kwa sababu hazisaidii maji kutoka bali hupunguza nafasi ya mizizi. Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha.

Saa 11 kijana mmoja anauliza kuhusu waridi lake lililojaa maua. Ninamshauri asubiri yapukutike, na kama mizizi haijatokeza tunduni, aliache hadi masika, mimea inapochipua kwa nguvu. Mizizi iliyooza au iliyobanwa ndiyo haingojei msimu.