Bushi mpya ikigoma kuingia, usiipeleke kukerezwa

Wenye mikonga (Land Cruiser zetu hizi) wenzangu, hili la kukereza bushi naomba tuliongee maana naona limekuwa fasheni. Mtu kanunua bushi mpya za mbele, zile raba zenye ganda la chuma zinazokaa kwenye matundu ya mikono inayoshika ekseli, fundi anajaribu kuingiza inagoma, anagonga nyundo inaenda upande, basi kinachofuata ni "bosi hizi zimekuja kubwa, twende kwa jamaa wa kukereza azipunguze kidogo". Zinapunguzwa, zinaingia kwa mkono, kila mtu anafurahi, halafu baada ya muda gari linaanza kugonga chini tena na lawama zote anabeba muuza spea kwamba kauza feki.

Bushi haijaja kubwa. Imetengenezwa hivyo makusudi, lile ganda la chuma la nje linazidi tundu lake kwa kijisehemu kidogo sana cha milimita na huko kubana ndo kunakoishika, hakuna gundi wala nini. Ukiikereza, ganda linaanza kucheza ndani ya tundu, linakula chuma cha mkono wenyewe, na hapo hata uje ununue jenuini haibani tena, unatafuta mkono mzima. Bei ya mkono wa Land Cruiser mnaijua.

Naongelea hizi Land Cruiser 78 na 79 za kuanzia 1999, pale Toyota alipotoa springi pleti mbele akaweka koili na ile mikono miwili mirefu inayoshika ekseli. Kila mkono una bushi mbili kwenye ekseli na moja kule nyuma kwenye chasisi. Kila ukishika breki, kila shimo, zinapigwa hizo, na kama kazi yako ni kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, geti la Serengeti, na vile vijimatuta visivyoisha ndo kabisaa. Nyuma bado ni pleti na bushi zake ni vipande viwili vya raba, unasukuma kimoja huku kimoja kule, hamna stori.

Kutoa ya zamani: mafundi wengi wanachoma raba kwa gesi. Inatoka kweli, ila moshi wake ni sumu, na ule mkono ukishaiva mwekundu sio chuma kilekile tena, na ndo unaoshikilia tairi lako la mbele. Mimi napenda toboatoboa raba kwa drili mpaka kile kibomba cha kati kitoke, kisha pitisha msumeno wa chuma ndani ukate ganda taratibu, ukikaribia kulimaliza SIMAMA usije ukachana tundu, malizia kwa patasi. Na kabla hujatoa chochote piga alama bushi ilikuwa imekaaje, maana nyingi zina matundu kwenye raba na upande yanakotazama una maana yake.

Sasa kuingiza. Kwanza safisha tundu, kutu yote itoke, kingo upige msasa kidogo tu ile ncha kali iondoke. Bushi zilaze kwenye friza usiku kucha, mkono uache juani. Kutoka joto la mchana la Arusha mpaka friza ya nyama ni kama nyuzi 40 hivi, na chuma cha kipenyo cha milimita 60 kinasinyaa kama 0.03 ya milimita, unaona kidogo lakini kwenye kitu kilichobana hivi hiyo ni nyingi. Paka maji ya sabuni, sio grisi ya kawaida, grisi ya mafuta inaivimbisha raba. Halafu presi (mashine ya kukandamiza), ya tani 20 inatosha, na isukume GANDA LA NJE kwa kipande cha bomba kinacholingana nalo, ukisukuma kibomba cha kati unachana raba hata kabla gari halijatoka gereji. Huna presi? Bolti ndefu ngumu, washa nene, bomba upande wa pili ipokelee, kaza mdogomdogo. Ikianza kwenda upande irudishe uanze upya, nyundo hainyooshi hapo, inakunja ganda tu.

Na hii ndo wengi wanairuka: bolti za mikono msizikaze gari likiwa juu ya jeki! Zishikize tu, shusha gari litue kwa uzito wake, litingishe tingishe, ndo ukaze kwa kipimo cha kitabu. Raba imegandishwa kwenye chuma ndani na nje, haizunguki, inajisokota. Ukikaza ekseli ikiwa inaning'inia ina maana gari likitua raba tayari imesokotwa na inabaki hivyo siku zote hata ukiwa umepaki, haichelewi kuchanika.

Kuna wanaoniuliza zile bushi ngumu za poliyurethani (aina ya plastiki) kwa sababu zinaingia kirahisi. Mbele mimi hapana. Bushi mbili kwenye ekseli kwa kila mkono maana yake tairi moja likipanda jiwe ni raba ndo inayokubali kupinda, ukiweka kitu kigumu ekseli inabanwa na gari linanyanyua tairi ovyo. Kwenye springi za nyuma ziko poa, mimi mwenyewe ninazo, ila zipake grisi ya silikoni la sivyo zitalia njia nzima mpaka abiria waulize.