Nilivyoshusha umeme wa AC ya chumbani kutoka uniti 10 kwa usiku mpaka 4 na nusu

Niko Tabata, Dar, nyumba ya bati, na ukuta mmoja wa chumba tunacholala unapigwa na jua kuanzia mchana mpaka linazama. Januari mtoto akaanza kutoka vipele vya joto shingoni, usiku halali, feni inazungusha hewa ya moto tu, ikabidi ninunue AC ya mtumba ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), siyo inveta, yani siyo ile inayojipunguza nguvu yenyewe. Mtoto akalala. Ila LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya elfu 50 iliyokua inatufikisha karibu mwezi ikakata siku ya tisa.

Mama watoto akasema tuizime, nikamwomba anipe wiki moja kwanza nijue inakula kiasi gani. Kila nikienda kulala nasoma uniti zilizobaki kwenye mita naandika kwenye daftari, asubuhi nasoma tena, basi. Usiku wa kwanza zimeenda 11.4. Usiku uliofata nikazima AC, friji na feni zikala 1.4. Kwahiyo AC peke yake ni uniti 10, na uniti moja ikiwa na kodi zake ni kama sh 356, yani zaidi ya 3,500 kila usiku, mwezi inapita laki!

Kosa langu kubwa lilikua kuiweka nyuzi 18 nikidhani ndo itapoza haraka. Kumbe AC isiyo inveta kompresa (ile mota inayosukuma gesi ya kupoza) inawaka kwa nguvu zote au inazima kabisa, hamna katikati, sasa ukiweka 18 baridi linalotoka ni lile lile, umeiambia tu isipumzike mpaka chumba kifike 18, na changu kilikua hakifiki hata kukuche. Nikapitisha mkono kwenye madirisha ya aluminiamu yale ya kusukuma, hewa inapita pale vioo vinapokutana, chini ya mlango ndo usiseme, kidole kinaingia. Nikabandika sponji za kuziba dirishani, mlangoni nikaweka kitambaa nilichokunja, na pazia zito linafungwa kuanzia saa 7 mchana.

Alafu nikaita fundi nikamwambia aongeze gesi. Akanijibu, "Kaka, gesi ya AC haiishi kama ya jikoni, ikipungua ujue inavuja." Akapima, iko sawa. Shida ilikua filta imejaa vumbi kama blanketi na ile mashine ya nje imeziba uchafu, joto halitoki vizuri. Nilimheshimu sana, maana angeweza kuchukua hela ya gesi akaondoka. Akaosha zote mbili.

Baada ya hapo nikaiweka 26 na feni inazunguka taratibu. Feni inakula kidogo mno, usiku mzima haifiki hata uniti moja, ila upepo wake unafanya 26 usikie kama 23 hivi. Asubuhi nasoma mita, AC imekula 6. Nikaweka taima izime saa 10 alfajiri kwasababu chumba kilichozibwa kinabaki na ubaridi mpaka tunaamka, ikashuka 4 na nusu, kama sh 1,600 kwa usiku.

Vipele vimekauka na mama watoto hadai tena izimwe. Filta naosha mwenyewe kila baada ya wiki mbili, maji ya bomba tu na inakauka kivulini. Nadunduliza sasa niweke silingi bodi kwenye chumba hicho maana joto lililobaki linatoka juu kwenye bati, nikimaliza nitapima tena usiku mmoja mmoja kama mwanzo.